Namba Niliyoibandua

Kazi yangu dukani ilikuwa kubandua. Kila mzigo mpya ulipitia kwangu kwanza, kwenye chumba cha nyuma kilichobanwa kati ya choo na stoo. Nilikuwa na kikausha nywele, chupa ya spiriti, kitambaa na kucha zangu. Nilipuliza joto juu ya stika ya kiwanda mpaka gundi ikalegea, nikaibandua taratibu isichanike, nikafuta alama kwa spiriti, kisha nikabandika stika yetu: jina la duka, simu ya bosi, na maneno "Waranti Miezi Mitatu". Chini yake niliandika kwa kalamu namba yetu wenyewe, moja, mbili, tatu, mpaka mzigo uishe.

Bosi tulimwita Mzee Waranti, ila si mbele yake. Siku ya kwanza alinieleza kwa nini tunabandua. "Mteja akijua kitu kimetoka wapi, kesho atakuruka aende hukohuko. Biashara ni siri, binti."

Sikuuliza kitu. Mimi si mtu wa kuuliza. Shule niliiacha darasa la tano mama alipofariki, na hata huko mwalimu alikuwa akisema mdomo wangu ni wa kuazima. Shangazi ndiye aliyeniombea kazi. Alinisifu hivi: "Huyu hata ukimkanyaga, hasemi." Bosi akajibu kwamba huyo ndiye aliyekuwa akimtafuta.

Mikanda ya joto iliingia katoni nne, kila moja mikanda ishirini. Ni mkanda mpana wa kitambaa wenye nyaya ndani. Unaufunga kiunoni, unachomeka plagi ukutani, mgongo unapata joto. Sikujua kama duniani kuna migongo mingi hivyo. Walikuja mafundi ujenzi, wauguzi, washonaji, kina mama wabeba mizigo. Dada wa kaunta, tuliyemwita Spika kwa sababu sauti yake ilifika mtaa wa pili, aliwaambia, "Uvae huu, mama, utadhani umeolewa upya!" Wakacheka, wakanunua.

Mimi nyuma nilikuwa nabandua. Stika zote zilikuwa na namba moja: 7731-05. Niliisoma mara sitini, ikanikaa kichwani kama jina la ndugu. Saba saba tatu moja, sifuri tano.

Jumanne asubuhi tangazo likatoka redioni, likasambaa kwenye simu. Mikanda yenye namba 7731-05 ina kasoro. Joto linapanda ghafla hata ukiweka kiwango cha chini, na imeshaunguza watu usingizini. Ichomolewe mara moja, irudishwe ilikonunuliwa.

Bosi akaja nyuma. Hakuwa na kawaida ya kuja nyuma, alisema spiriti inamuumiza kichwa.

"Zile stika za mikanda ziko wapi?"

"Nilizitupa, bosi. Kama ulivyosema."

"Zote?"

"Zote nilizobandua."

"Safi," akasema, na akacheka.

Hilo "safi" sitalisahau. Mtu ameambiwa kwamba alichouza kinaunguza watu wamelala, naye anashukuru kwamba hakijulikani.

"Basi sisi hatuna hiyo namba," akaendelea. "Anayedai aonyeshe namba. Hana namba, hana kesi. Umenielewa?"

"Ndiyo, bosi."

Ndivyo nilivyojibu. Ndiyo, bosi. Nikarudi kwenye kikausha nywele changu, nikabandua stika za pasi.

Jumatano watu wakaanza kuja. Wa kwanza alikuwa mzee fundi viatu wa kona ya pili, amekumbatia mkanda wake kama mtoto anayepelekwa kliniki. Mlango wangu ulikuwa wazi, nikaona na kusikia yote.

"Bosi, nimesikia redio."

"Karibu, mzee wangu. Hebu tusomee namba yako hapo."

Mzee akausogeza mkanda mbali na macho. "Kumi na tisa."

"Redio ilisema kumi na tisa?"

"Hapana. Ilisema saba saba, nini na nini."

"Sasa unahangaika nini? Wako ni mzima. Nenda kajipumzishe."

Mzee akamshika bosi mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru mpaka nikaona aibu mimi. Ile kumi na tisa niliiandika kwa kalamu yangu. Nakumbuka hata tisa yake ilikaa vibaya, mkia umepinda.

Wakaja wengine watatu. Thelathini na mbili, saba, hamsini. Wote walikuwa wamesoma kwa makini, kama walivyoagizwa. Wote walikuwa wameona namba, wakaamini ndiyo hiyo inayosemwa. Wakaenda nyumbani wakiwa na furaha, kila mmoja na moto wake kwapani.

Nilijiambia nitasema kwa wa pili. Nikajiambia wa tatu. Wa nne alipotoka, nilikuwa bado nimeshika kitambaa.

Saa tano akaingia Mama Dobi. Huyo alijulikana mtaa mzima. Alifua mashuka ya zahanati na ya hosteli, kwa mikono, na mikono yenyewe ilikuwa minene kama ya mcheza ngumi.

"Mzee, nimekuja na mambo mawili," akasema, akatupa mkanda kaunta. "La kwanza, kidude cha kupunguza joto kinaganda. Ukiweka moja, kinajipeleka tatu."

"Hicho unakisukuma tu kwa kidole, mama. Na redio umesikia?"

"Nimesikia, nikaangalia. Wangu ni arobaini na sita, haumo. La pili, nataka mwingine. Huu mwanangu kauteka. Kajifungua leo siku ya tisa, mgongo unamuua, halali bila huu. Mimi mwenye mkanda sasa nalala na chupa ya maji ya moto, kama bibi yangu!"

Spika hakucheka. Alikuwa anapanga betri ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Kababuka kidogo hapa kiunoni," Mama Dobi akaongeza, akijigusa. "Nimemwambia ngozi ya mzazi ni laini, itazoea."

"Itazoea," akasema bosi. Kisha akapaza sauti: "Wewe huko nyuma! Lete mkanda mmoja, haraka!"

Katoni tatu zilikuwa zimeisha. Ya nne ilikuwa stoo, na utepe wake wa juu haujaguswa. Nikaikata kwa mkasi, nikatoa mkanda. Stika ya kiwanda ilikuwa mgongoni mwake, nyeupe, mpya. Ningeweza kuibandua kwa dakika mbili. Sikuibandua.

Nikatoka mbele, mkanda mkono mmoja, mkasi mkono mwingine. Nilitaka kusema. Mdomo nikaufungua, na hakuna kilichotoka. Mama Dobi aliniangalia, akatabasamu, akasema, "Huyu naye mpole! Mnamficha wapi?" Na mkono wake ukaenda kuuchukua ule wa zamani aurudishe kwenye mfuko, kwa mzazi wa siku tisa.

Nikauvuta mimi. Nikaukata waya wake kwa mkasi, karibu kabisa na kitambaa.

"Wee!" Mama Dobi akanidaka kiganja, nikadhani mifupa inavunjika. "Una wazimu? Kitu cha mzazi!"

"Samahani, mama, samahani sana," bosi akaingilia. Uso ulikuwa umemvimba kwa hasira lakini sauti aliipaka asali. "Huyu binti hayuko sawa kichwani, nimemchukua kwa huruma tu. Tufanye hivi, chukua huu mpya, bure. Huu wa mwanao. Na mimi huyu namfukuza leo hii."

Akaupokonya mkanda mpya mkononi mwangu, akampa. Bure! Alikuwa anampa mwanamke moto apeleke kitandani kwa mjukuu wake, na anataka ashukuriwe kwa ukarimu.

Sijui sauti ilitoka wapi. Haikuwa kubwa.

"Saba saba tatu moja, sifuri tano."

"Unasema nini?" Mama Dobi akauliza.

"Ndiyo namba yako. Arobaini na sita niliiandika mimi, kwa kalamu. Ya kiwanda niliibandua. Zote niliziban..." Nilikwama hapo katikati, nikaanza tena. "Zote nilizibandua mimi."

"Ameisikia redioni!" bosi akafoka. "Darasa la tano huyu! Anajua nini kuhusu namba za viwanda?"

"Geuza huo mpya, mama," nikasema. "Huo sikuwahi kuubandua."

Akaugeuza. Bosi akanyoosha mkono kuuchukua, Mama Dobi akampiga kikumbo cha bega kama anayesukuma pipa la maji. Akasoma kwa kidole, tarakimu moja moja. Kisha akamgeukia Spika.

"Na wewe mwenye mdomo, leo umemeza jiwe? Nisomee tangazo."

Spika akatoa simu. Alisoma kwa sauti ndogo kuliko yangu. Saba, saba, tatu, moja. Sifuri, tano.

Nilifikiri Mama Dobi atamvaa bosi. Atamvaa, nilijua, lakini alianza na mimi.

"Ulijua lini?"

"Jana asubuhi."

"Jana asubuhi." Akarudia polepole. "Na jana usiku mwanangu amelala nao. Na mtoto kando yake."

"Niliona haya, mama. Niliogopa."

"Hiyo haya yako ungekuja nayo msibani?" Machozi yalikuwa yanamtoka, na alikuwa hayafuti. "Ungekaa kwenye mkeka, umeinamisha kichwa, watu waseme jamani, binti mpole?"

Ndipo akamgeukia bosi. Aliyomwambia siyaandiki yote. Alimwambia mwizi huiba kitu akakuachia roho, lakini yeye anachukua vyote na kukuandikia waranti. Bosi alisema ataita polisi. "Waite," Mama Dobi akasema, "na wao wana migongo." Bosi akaniambia nisikanyage tena hapo. Nikaweka mkasi kaunta. Nilimfikiria shangazi, na kaka yangu na mkewe, ambao naishi kwao, na nitakavyoingia nyumbani saa sita mchana nikiwa sina kazi.

Lakini Mama Dobi hakuniacha niende nyumbani. Alinishika mkono akanitoa nje, akajibwaga kwenye ngazi ya duka, katikati, hata paka asingepita.

"Iliyouzwa ni mingapi?"

"Sitini."

"Kaa hapa."

Nikakaa. Fundi cherehani akaja na mkanda wake kwenye mfuko. "Mwambie namba," Mama Dobi akaniamuru. Nikamwambia. "Sauti! Hapa si kanisani!" Nikamwambia tena. Yule akaita mwenzake. Mwenzake akamkimbilia mzee fundi viatu. Kila aliyefika, Mama Dobi alinigusa kwa kiwiko, nami nikasema: hiyo mnayoiona ni ya kalamu yangu, ya kweli ni hii. Wengine walinitukana. Mmoja alinitemea mate karibu na mguu. Walikuwa na haki.

Hatimaye bosi akamtuma mlinzi wa duka atuondoe. Akaja na rungu lake, mtu mzima mwenye aibu usoni.

"Mama, naomba msogee. Nami nimetumwa tu."

"Mwambie namba," Mama Dobi akasema.

Nikamwambia, na habari ya stika nikamwambia. Mlinzi akasimama. Akaliegemeza rungu ukutani, akapapasa mifuko yote minne kabla ya kuipata simu.

"Haloo, mama? Mama, ule mkanda niliokuletea. Ndiyo. Uchomoe. Nasema uchomoe kwanza, mama, salamu baadaye!"