Mayai Matatu ya Korongo Taji

Nakutegea wewe uliyekaa hapo: mama avaa taji la dhahabu, kitanda chake ni matope. Umeshindwa? Usinipe mji, nguvu ya kuutunza sina. Ni korongo taji, na Theodora wa Chekereni alikuwa anamhangaikia tangu saa kumi na mbili asubuhi, roho juu juu.

Aliketi, akasimama. Alifuta darubini kwa ncha ya khanga, akayatazama tena yale mashimo ya kokoto. Wachimbaji walikwishaondoka zamani. Maji ya mifereji ya mpunga yakajaa, matete yakaota, ndege wakahamia. Theodora ndiye aliyekuwa akiwaonyesha wageni, watalii, ndege hao. Leo saa nne wajumbe wa kijiji walikuwa wanakuja kuona kiota chenye mayai matatu. Wakiyaona, shimo linabaki la ndege. Wasipoyaona, linafukiwa, watu walime mpunga.

Na kiota kilikuwa kitupu. Matete ya kando yake yamefyekwa kwa mundu. Korongo wawili walizunguka angani wakilia, hawatui.

Ng'ambo ya shimo alikuwapo Melkior, shemeji yake, akipakia majani kwenye pikapu. Kwao Mwika, mlimani, ng'ombe hatoki zizini. Mwenye ng'ombe ndiye hushuka tambarare kumtafutia chakula.

"Shemeji, jana ulikata upande huu?"

"Ng'ombe amezaa, Mama Primus. Anakula kama aliyealikwa harusini."

"Sikukuuliza ng'ombe. Mayai yako wapi?"

Melkior akavuta kamba. "Hivi wageni wako wanatoka kwao mbali kote huko kuja kutazama ndege asiyeliwa?"

"Mayai, Melkior."

"Gari la watu hili, shemeji. Nimeambiwa niwahi kulirudisha."

Alifunga fundo, akalifungua, akalifunga tena. Theodora alilizunguka gari, akapekua majani, akachungulia chini ya kiti. Hakuna kitu. Akarudi kwenye kiota, kana kwamba mayai yangejirudisha yenyewe. Akaja tena kwenye gari.

Pikipiki tatu zikaingia na vumbi lake. Mzee Eliezeri, mwenyekiti, akashuka akijikung'uta suruali.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Haya mama, tuonyeshe hao watoto wako."

Theodora aliwaelekeza kwa kidole kwenye kiota kitupu. Wajumbe wakatazamana. Mmoja akacheka puani, akaanza kupima shimo kwa hatua.

Melkior akavua kofia, akawapita wajumbe wote, akasimama mbele ya Theodora.

"Nilikuja kukiona kiota mundu umeshapita. Mama yao akaruka, kunguru wakaanza kushuka. Nikaona haya kukuambia." Akaikunja kofia mkononi. "Yako Mwika, shemeji, yote matatu mazima. Nimeyaweka chini ya kuku anayeatamia, na tangu jana hajanyanyuka."