Karoti Mwenye Kope

Kope ndizo zilizomsumbua mchoraji. Karoti yenyewe aliichora kwenye kompyuta kama mchezo, lakini kope alizifuta na kuzirudia asubuhi nzima, mpaka jicho likawa linamchekea kila anayelitazama. Kabichi akaipa mashavu. Maharage akayapanga kama ndugu waliovaa sare. Mabango yalipobandikwa kwenye ukumbi wa chakula wa shule ya chekechea, mwalimu mkuu alishika kiuno, akayatazama moja baada ya jingine.

"Mwanangu, mikono yako ibarikiwe," alisema. "Hata mimi nimesikia njaa."

Mchoraji aliangalia viatu vyake. Sifa humtoa jasho. Hata hivyo moyoni alikuwa hajiwezi kwa furaha, maana kazi ile hakuifanya kwa ajili ya shule tu. Mle ukumbini ndimo alimokuwa akila mtoto wa dada yake, ambaye nyumbani walimwita Chiriku kwa jinsi alivyopenda kuongea. Maneno hayakumwisha, lakini mboga ikikaribia, mdomo ule ulijifunga kama una kufuli. Aliishi kwa chai na mkate. Daktari alishasema damu ya mtoto imepungua na dawa peke yake hazitatosha, lazima ale.

Haukupita muda, dada akapiga simu.

"Wewe msomi, umemfanya nini mwanangu?"

"Kwani vipi, dada?"

"Zamani mboga alikuwa anazikataa. Sasa anazibembeleza. Njoo ujionee mwenyewe."

Alipofika, alimkuta Chiriku amepiga magoti sebuleni mbele ya kochi. Juu ya mto walilala karoti kadhaa, wamefunikwa leso hadi shingoni.

"Shii, mama mdogo! Huyu wa mwisho hajalala."

"Nani?"

"Karoti. Mama alitaka kumkata."

Dada alicheka mlangoni pa jikoni, kisu mkononi, lakini macho yake hayakucheka. "Umesikia? Kumkata! Yaani mimi humu ndani nimekuwa muuaji. Jana nimepakua maharage, kaniuliza mama yao yuko wapi."

Mchoraji naye alitaka kucheka, kicheko kikamkwama. *Kumkata*. Si *kuikata*. Mtoto huyu hakuwa amekosea kusema. Kitu chenye macho na tabasamu, utakiitaje kama si mtu? Yeye mwenyewe ndiye aliyeipa karoti kope, akaitia uhai, kisha akategemea watoto waitafune.

"Na shuleni je?" aliuliza taratibu. "Wakiwa kwenye sahani, unawafanyaje?"

"Nawaficha mfukoni. Tukitoka tunawalaza kwenye maua."

"Wewe na nani?"

"Wote wa meza yetu."

Dada alimsogelea, akanong'ona, "Sikulaumu, mdogo wangu. Ila leo tumepanda ngazi za hapo nje tu, akaomba nimbebe. Mtoto aliyekuwa hashikiki!"

Mchoraji aliingia jikoni. Kwenye ubao kulikuwa na karoti iliyokwisha kukatwa kabla Chiriku hajaja kuziokoa nyingine. Aliokota kipande kimoja cha duara, akakigeuza kwenye mwanga. Katikati kilikuwa na kiini chenye miale midogo inayotawanyika hadi ukingoni. Miaka yote ya chuo, hakuwahi kuitazama karoti kwa ndani.

Alirudi sebuleni na vile vipande, karatasi nyeupe, na kibakuli cha mchuzi wa nyanya. Alichovya kipande, akakigandamiza kwenye karatasi, akakiinua.

Chiriku aliacha leso. "Jua!"

"Gonga na wewe."

Mtoto akagonga. Karatasi ikajaa majua mekundu, mengine yamepinda, mengine yamepandana. Kisha akalamba kidole. Akakitazama kipande alichoshika, huku na huku, kama anayetafuta jicho.

"Mama mdogo, jua linaliwa?"

"Hili linaliwa."

Dada alisimama palepale, hathubutu hata kupumua. Kwach! Chiriku alitafuna polepole, kichwa kimeinama, kama anayesikiliza.

"Lina kelele," alisema. "Nipe lingine." Kisha akaonyesha mto. "Lakini hawa waacheni walale."

"Tutawaacha, mama," dada alisema, akageuka upesi ili wasimwone akifuta macho.

Asubuhi mchoraji alikwenda shuleni. Njiani alikuwa ameyapanga maneno vizuri, lakini mbele ya mwalimu mkuu yote yalimtoroka.

"Naomba nibandue mabango yangu," alisema.

"Ubandue? Wewe! Kila mgeni anayeingia hapa anayasifia!"

"Wageni hawali hapa, mwalimu." Akamweleza kuhusu mifuko ya watoto, na maua. "Wanaionea huruma mboga. Nitachora mengine. Bila macho. Nataka waione ndani ilivyo, waichezee kwanza kwa mikono yao."

Mwalimu mkuu alimtazama yule karoti mwenye kope. Akatembea hadi dirishani, akachungulia kwenye maua kwa muda mrefu. Aliporudi alikuwa anavuta kiti.

"Panda wewe," alisema. "Mimi mzito. Nitakushikilia."