Kizingiti cha Nonna Arkadyevna

Haki ya Mungu, hili ni kweli tupu. Niliwaapia wazee wenzangu jikoni kwangu: nikilitia chumvi, tramu zote nilizoendesha hapa Voronezh, Urusi, zinikanyage kwa zamu.

Asubuhi ile baridi ilikuwa kali hata mbwa wakibweka, sauti inaanguka chini inavunjika. Taisiya alisimama mlangoni kwa Nonna Arkadyevna, ghorofa ya tano, godoro mgongoni, mwanawe Gleb kamshika koti. Bweni la kiwanda lilikuwa limewatoa, na bila anwani shule haimpokei mtoto. Mimi nilikuwa ngazini na sanduku lao, nahema kama punda.

Mlango ukafunguka upana wa pua.

"Nani wewe?"

"Taisiya, mama. Tulikubaliana jana kwa simu, juu ya chumba cha kupanga."

"Wa kwenye simu alikuwa Mrusi."

"Ndiye mimi. Nimezaliwa hapahapa, ng'ambo ya mto." Baba yake alikuja kusoma kutoka Guinea, akamwachia rangi, akaenda zake.

Bibi akamtazama nywele, akamtazama mtoto, akaniona na mimi, mweusi kama wao. "Kumbe mmekuja ukoo mzima!"

"Huyo jirani tu, ananibebea mzigo."

Taisiya akavua glavu, akanyoosha mkono. Bibi akaruka nyuma.

"Usinipe mkono juu ya kizingiti! Nuksi! Hamfundishwi kwenu?"

"Nimefundishwa, mama. Ndiyo maana naomba niingie kwanza, nikusalimu."

"Usiingie."

Mkono ukabaki hewani. Gleb, kwa adabu, alikuwa ameshavua viatu. Amesimama na soksi juu ya saruji.

"Basi," nikawaambia wazee, "bibi kuziona soksi zile, machozi hayo! Akatuokea mkate wa kabichi mkubwa kama gurudumu la tramu. Taisiya anakaa kwake mpaka leo!"

"Anakaa wapi?" Taisiya alikuwa nyuma yangu, simu mkononi. "Babu Yefim, mimi na Gleb tunalala chini ya meza yako hii."

Wazee wakaipiga meza. "Mzushi alipe!"

Kwangu, anayeshikwa na uongo hutoa kiti cha kando ya bomba la joto. Nikampa Gleb, nikahamia mlangoni kwenye upepo.

Taisiya alikuwa ameshapiga namba ya mwenye chumba mwingine.

"Ndiyo, mama. Mtoto mmoja, mtulivu." Akasikiliza. Kisha akatugeuzia mgongo, akaelekeza uso ukutani.

"Ndiyo," alisema. "Mrusi."