Pini ya Mlango wa Nyuma

Nyumba aliyopanga Awadhi pale Korogwe, kwenye njia ya kwenda Ngombezi, ilikuwa na ngazi tatu tu mlangoni. Mtu mzima huzishuka bila hata kuziangalia. Awadhi alikuwa hajazishuka tangu Ramadhani iliyopita, kwa sababu kiti chake cha magurudumu kilihitaji wanaume wawili wa kukibeba, na wanaume wa mtaa ule walishinda makazini. Mkewe, Hamisa, aliondoka alfajiri kwenda kiwanda cha mkonge na kurudi saa kumi jioni. Kutwa nzima Awadhi alibaki na dirisha moja, redio, na meza ya kutengenezea magari.

Magari hayo aliyaanza kwa kukosa la kufanya. Alikuwa ameendesha malori miaka ishirini na minne kabla mgongo haujavunjika, na mikono yake haikujua kukaa bure. Makopo ya mafuta ya kupikia aliyakata kuwa bodi, kandambili zilizokatika zikawa matairi. Mwanzoni yalikuwa ya kuchezea watoto. Kidogo kidogo akaanza kutaka yafanane na malori ya kweli. Akatengeneza springi kwa vipande vya bati vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Kioo cha kunyolea kilichovunjika kikatoa vioo vya pembeni. Ekzosi aliipaka masizi ya jiko, kisha akaipangusa kwa kidole ili ionekane imetoka safarini. Waliopita kusalimia walisema kilichobaki ni kutia mafuta tu.

Mwezi wa tano, asubuhi, Nashipai akabisha hodi.

"Shikamoo, mzee Awadhi."

"Marahaba, mama. Karibu ndani."

Ilimchukua muda kumtambua, kwa sababu alikuwa amekonda. Alikuwa mjane wa Lenku, kijana wa Kimasai aliyekuwa utingo wa Awadhi kwa miaka sita. Lenku alikuwa amekufa miaka mitatu nyuma, siku ileile Awadhi alipovunjika mgongo, na tangu siku hiyo Awadhi na Nashipai hawakuwa wameonana.

Akakaa kwenye kigoda, akalitazama lori lililokuwa mezani.

"Nilisikia unatengeneza magari," alisema. "Nimekuja kukuomba ulitengeneze lile lenu."

"Lile lenyewe?"

"Lile lenyewe, kama lilivyokuwa siku ile. Siamanta ana miaka tisa sasa. Shuleni wanamwambia baba yake alijiua kwa uzembe, alisahau kufunga pini ya mlango wa nyuma wa gari. Hata babu yake, mzee Moringe, hataki tena jina la Lenku litajwe bomani. Mimi nataka mtoto aone hiyo pini aliyoisahau baba yake. Aone ni kitu kidogo kiasi gani. Nimwambie, mwanangu, kitu kama hiki hata wewe ungekisahau."

Alisema hayo kwa upole, bila kumlaumu mtu, na upole huo ndio uliomkaba Awadhi. Hakuwa na mahali pa kuyapeleka macho. Akasema, "Nitalitengeneza, mama Siamanta." Angesema nini kingine?

Habari iliyojulikana kutoka Korogwe mpaka Handeni ilikuwa hii: lori lilikuwa limejaa magunia ya mahindi, likashindwa kupanda kilima mbele kidogo ya Kang'ata. Lenku akashuka kuweka jiwe nyuma ya tairi. Mlango wa nyuma ukafunguka, magunia yakamfukia. Awadhi alikimbia kumvuta, na magunia yaliyobaki yakamwangukia mgongoni. Askari alipomfuata hospitali kumuuliza, Awadhi alisema pini ya mlango ilikuwepo, labda utingo hakuisukuma mpaka mwisho. Ikaandikwa hivyo.

Lakini pini haikuwepo. Ilikuwa imekatika wiki moja kabla, na Awadhi mwenyewe ndiye aliyeufunga mlango kwa waya. Asubuhi ya ajali, Lenku aliigusa ile waya kwa kidole akasema, "Kaka, hii haitatufikisha. Tusubiri fundi afungue karakana." Awadhi akamjibu apande, wanachelewa.

Alimdanganya askari kwa hofu ya jela, akiwa amelala chali hana hakika kama atapona. Baadaye alipojua kwamba hatasimama tena, uongo ulikuwa umeshapata muhuri. Hata Hamisa hakumwambia.

Basi akaanza kazi. Alifanya kwa utaratibu, kuanzia mbele, kwa sababu mbele hakukuwa na ubaya. Bampa la kushoto lilikuwa na mbonyeo wa siku walipogonga kisiki huko Mpale, akaugonga kwa mgongo wa kijiko mpaka ukatokea uleule. Ufa wa kioo cha mbele akauchora kwa sindano juu ya plastiki. Turubai alilikata kwenye shati kuukuu la kaki, akalianika juani siku nne lipauke. Kibanio cha nywele cha Hamisa kikawa waipa. Kwenye mlango wa abiria, chini ya dirisha, rangi ilikuwa imechubuka kwa mkono wa Lenku, aliyependa kuuning'iniza nje na kupigapiga bati kila nyimbo zilipomkolea. Awadhi akalisugua bati mahali pale kwa msasa, polepole.

Wiki ya tatu ikabaki sehemu ya nyuma tu. Akachukua msumari mdogo, akaukata, akaupiga tupa ukawa pini. Akaufungia mnyororo wa waya mwembamba wenye pete kumi na moja, kila pete akiikunja kwa ncha ya sindano. Ilimchukua siku mbili. Pini ikaingia na kutoka kama ya kiwandani.

Hamisa akaivuta kwa kucha, akacheka. "Wewe mtu una mikono. Katika vyote ulivyotengeneza, hiki ndicho kizuri kuliko vyote."

Mkewe alipokwenda uani, Awadhi akasogeza kiti mpaka mlangoni akazitazama zile ngazi. Alitaka kutoka. Alitaka kwenda mbali na ile meza, japo mpaka barabarani tu. Akamwita jirani, hakuwepo. Akageuza kiti. Chumba kilikuwa na hatua sita, na lori lilikuwepo popote alipoelekea. Alijua kwamba mtoto ataishika ile pini maisha yake yote akimsamehe baba yake kosa ambalo si lake.

Akachukua plaizi, akaikata pini na mnyororo wake. Akatafuta kipande cha waya yenye kutu, akaipitisha kwenye tundu na kuipinda mara tatu, kama alivyoipinda siku ile.

Nashipai aliporudi hakuja peke yake. Alikuja na shemeji yake Nkoitiko, kaka mkubwa wa Lenku, mtu mrefu aliyelazimika kuinama mlangoni. Alikaa karibu na mlango, fimbo magotini. Hamisa alikuwa nyumbani siku hiyo, akawapa chai.

Nashipai akalizunguka lori kwa macho. Akagusa ule mchubuko wa mlangoni, akaondoa mkono haraka. Halafu akalitazama nyuma.

"Pini iko wapi?"

"Hapakuwa na pini," Awadhi alisema. "Niliufunga kwa waya. Mimi, si Lenku. Aliniambia tusubiri fundi, nikakataa. Askari nikamdanganya."

Awadhi aliisikia sauti ya kikombe Hamisa alipokiweka chini. Nkoitiko akasimama, na chumba kikaingia giza, kwa maana alijaza mlango wote. Awadhi akawaza kwamba hata kama angekuwa na miguu asingekuwa na pa kupita.

"Rudia," Nashipai alisema. "Alichosema yeye."

"Alisema, 'Kaka, hii haitatufikisha. Tusubiri fundi afungue karakana.'"

Akamfanya arudie tena, mara ya tatu, naye akiyafuata maneno kwa midomo. Kisha akajifunika uso kwa shuka akalia bila sauti.

Nkoitiko ndiye aliyesema. "Miaka mitatu baba yangu hamtaji mwanawe. Utayasema haya mbele yake?"

"Nitayasema."

"Na polisi?"

"Na polisi."

"Leo."

Awadhi akatazama ngazi. Nkoitiko akaelewa. Akatoka nje, akarudi na mtu aliyemkuta barabarani, wakamnyanyua Awadhi na kiti chake. Nkoitiko hakumshika kwa chuki wala kwa huruma. Alimshika kama mtu anayeshika mzigo unaopaswa kufika.

Walifika bomani, Kang'ata, alasiri. Mzee Moringe alisikiliza mpaka mwisho, macho chini, kisha akamwita mjukuu wake, akamtaka Awadhi aanze upya ili Siamanta asikie. Awadhi akaanza upya. Mtoto aliuliza swali moja, kama baba yake alisikia maumivu. Awadhi akasema hajui. Mzee akaingia ndani bila kumuaga mgeni, lakini waliobaki nje walimsikia akimwambia mkewe, "Lenku alikataa. Mwanangu alikataa kuondoka."

Huko Handeni mjini kesho yake askari aliandika maelezo mapya, kurasa nne, akamwambia arudi nyumbani asubiri kuitwa.

Hajaitwa bado. Hamisa alikaa siku tisa bila kumsemesha zaidi ya chakula na maji. Siku ya kumi, akimsugua mgongo bafuni, akasema, "Nimekuogesha miaka mitatu, Awadhi. Kila siku. Ungeniambia siku yoyote." Hamisa akamwagia maji, akamfuta, akamrudisha chumbani, na Awadhi akakaa dirishani kuiangalia barabara, kila pikipiki ya askari ikipita akidhani ndiyo hiyo.