Walikataa Chuma Kikatwe

Alhamisi, tarehe 20 Aprili 1944, ndiyo siku walipomzamisha mke wangu. Nasema walimzamisha, na neno hilo silibadilishi.

Ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa kwa Kiongozi wa taifa letu, na wakubwa wa kiwanda chetu cha meli hapa Kiel walitaka kumzawadia nyambizi. Vipande vililetwa kutoka bara vikiwa tayari, sisi kazi yetu kuviunga. Tulikuwa hatujamaliza. Matundu ya mabomba yalikuwa wazi, wakaamuru yazibwe kwa mbao na kupakwa rangi, basi.

Mke wangu Wiebke alikuwa fundi wa nyaya za umeme, yeye na wenzake waliamriwa waendelee na kazi mkiani mwa nyambizi hata ikishushwa majini.

"Hinnerk, usininunie," alinitania akiingia. "Leo nasafiri bure. Baki na supu yako ya kabichi."

"Toka humo, wewe mwanamke! Hiki ni chombo au kapu?"

"Kapu lenye bendera!" Akacheka, akashuka.

Bendi ikapiga, nyambizi ikateleza majini. Haikufika mbali. Vizibo viling'oka, pua ikazama hadi kwenye tope, mkia ukabaki juu. Tukasikia kugonga. Walikuwa hai.

Nikachukua mtambo wangu wa gesi wa kukatia chuma, nikaruka kwenye boti. Nilikuwa nimekata urefu wa kiganja pale mhandisi Lüdemann alipofoka kutoka gatini:

"Brodersen! Zima! Ukiitoboa haitafaa tena vitani. Kreni inakuja."

"Mke wangu yumo, bwana mhandisi!"

"Leo mke wako ni askari. Zima, amri imetoka juu."

"Basi huyo wa juu na ashuke asikie wanavyogonga!"

Askari wakanikamata. Kreni ilifika kesho yake. Hapakuwa tena na wa kugonga.

Mazikoni wakataka niseme Wiebke alijitoa kwa ajili ya taifa. Nikawaambia mbele ya bendera zao: hakujitoa, alizuiwa kutoka. Wakanifunga. Nyambizi wakaiziba nilipokata, wakaijaza vijana, ikaenda baharini na haikurudi.

Vita vilipokwisha nilimfuata Lüdemann hadi mlangoni kwake.

"Mzee Brodersen, mimi nilipigiwa simu tu."

"Na nani?"

"Wa juu."

Nikawaendea hao wa juu, mmoja mmoja. Kila mmoja anaapa hakushika simu siku ile. Haya, ni nani aliyesema tungoje?