Kiraka cha Kanga Begani

Jumatano, tarehe 18 Juni 2025. Asubuhi hiyo Minto, huku ugenini tunakoishi sasa, kulikuwa na ukungu, na baridi ilipenya mpaka chini ya mlango. Mama yangu, Bi Dorothea, alisali kitandani kama kawaida. Aliwaombea wajukuu, majirani, hata mbwa wa jirani anayetunyima usingizi. Baba yangu tu ndiye hakumtaja. Hajawahi kumtaja.

"Mama, na marehemu je?" nilimwuliza.

"Marehemu gani? Nani alimzika? Wewe ukiwa tumboni, yeye alikimbilia kwa mwanamke wa bandarini. Usiniharibie sala, Raheli."

Ndivyo mnyapara wa shamba la mkonge, alikofanya kazi Baba, alivyomwambia. Wazungu wa sinema walikuja Tanga kutafuta watu wa kujaza meli yao. Baba aliondoka na manamba, vibarua wa mkataba waliotoka mbali, ambao baadaye walirudi makwao. Kwetu Muheza alirudi mnyapara peke yake, na maneno yake.

Jioni nilikwenda darasa la Kiingereza kule Ingleburn, mtaa wa jirani. Mwalimu wetu, Ronnie, alituwekea sinema ya zamani ya maharamia. Nahodha alipigana katika dhoruba bila nywele zake kulowa. Kisha mtumwa mmoja akaanguka kutoka mlingotini, akawa anatapatapa majini na kupiga kelele. Darasa zima likacheka.

Aksanti, Mkongo anayekaa karibu nami, aligonga meza. "Tazama ule mutu! Anaogelea kama kuku!"

Ghafla akanigeukia. "Raheli, anasema Kiswahili."

Nilikuwa nimeshasikia. "Kamba! Jamani, kamba! Sijui kuogelea! Huu si mchezo!"

Kichwa kikazama, hakikutokea tena. Nahodha akambusu mchumba wake.

"Hii waliipiga wapi?" nilimwuliza Ronnie.

Alisoma jalada. "Tanga. Unapajua?"

Niliomba diski. Siku nne nilisali nikiwa na woga. Jumapili, wenzetu wa kikundi cha sala walipokuja nyumbani, nikaiwasha mbele ya Mama hadi pale yule mtu anapozama.

"Rudisha nyuma," alisema. Nikarudisha. "Rudisha tena."

Alinyoosha kidole kwenye bega la yule mtu. "Kile kiraka nilikishona mimi. Nilikata kanga yangu ya harusi."

Zephania, mzee wa kanisa, akasema polepole, "Tumshukuru Mungu, Bibi. Sasa umejua."

"Nimejua nini, Zephania? Kwamba maisha yangu yote nimemlaani mtu aliyekuwa akiomba kamba? Na hao waliokuwa na kamba walikuwa wanapiga picha?"

"Bibi, Bwana alisema tusamehe."

"Alisema. Nishike, Raheli, nisimame."

Nilimshika. Mkono wake ulikuwa mwepesi.

"Nyote mnisikie, na Mungu anisikie. Kuanzia kesho asubuhi, jina la mume wangu Elieza nitalitaja mimi mwenyewe, kabla ya jina langu, mpaka nife. Lakini waliomtazama akizama, sitawaombea. Hata siku moja."