Fasili za Nsimire

Mwalimu Fortunat hakuwa na simile kwenye fasili. Alichokiimlisha darasani ndicho alichotaka kukiona kwenye karatasi, nukta kwa nukta, na akili yako uiache nyumbani. Ndiyo maana, mwezi wa Januari, katika jaribio la maneno makuu ya ubeberu wa Marekani, alimpa Nsimire mbili juu ya kumi, akayasoma majibu yake mbele ya wenzake na kuyaita maneno ya jikoni. Darasa likacheka. Karatasi akabaki nayo, binti aje arudie jaribio Jumatatu.

Jumatatu hiyo hapakuwa na shule. Vita viliingia Goma, maji ya bomba yakakatika, na Nsimire akapigwa risasi njiani akienda kuchota ziwani.

Miezi ilipita kabla Fortunat hajapiga moyo konde kwenda na karatasi ile nyumbani kwa kina Nsimire, mtaa wa Katindo. Mama wa marehemu, ambaye mtaa mzima bado unamwita Mama Nsimire, aliacha dagaa wa sambaza aliokuwa akianika, akafuta mikono na kumpa kiti.

"Unisomee, prof. Mimi sikusoma."

Akamsomea. "Unyakuzi: jirani anasogeza ua wake wakati uko msibani. Ukirudi, anakukaribisha chai ndani ya kiwanja chako. Mfano: Hawaii."

Mama akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Hiyo ni kiwanja yetu, parcelle ya Munigi! Tulienda kuzika baba yake, kurudi tunakuta jirani ameshasukuma ua. Endelea."

"Himaya: mwenye nguvu anasema anakulinda, kisha anakaa na ufunguo wa mlango wako. Mfano: Kuba."

Fortunat akaishusha karatasi. Miaka kumi na minane alikuwa akifundisha Hawaii na Kuba, na hata siku moja hakuwahi kuzieleza vizuri namna ile. Aliona haya, haya ya kweli, mpaka masikio yakawaka moto.

"Ulimupatia ngapi?"

"Deux sur dix, mama, mbili tu."

"Sababu ya nini? Alikosea?"

"Hapana. Hakuandika maneno yangu."

Mama akawatazama samaki wake.

"Njo maana. Zile siku za mwisho alikuwa anarudilia tu maneno yako. Nilimuambia: mutoto yangu, bunduki inalia, wacha kusoma hiyo cahier. Anasema prof anapenda vile. Hata siku ile alitoka na bidon ya maji, anayarudilia mu njia."

Majuto ni mjukuu, lakini ya Fortunat yalifika papo hapo. Alilia mbele ya mzazi, yeye aliyewaliza watoto wa watu wengi. Kisha akachomoa kalamu nyekundu, akaikata ile mbili na kuanza kuandika kumi.

Mama akaushika mkono wake, bila hasira.

"Wacha, prof. Utamupatia nani?"